Kwa nini Waingereza walingoja miaka 42 kabla ya kuwafukuza Waakadia?

Mwalimu_Manyatta (Kisumu)
Hamjambo wanajukwaa. Chama cha historia shuleni kinasoma ushindani wa Wafaransa na Waingereza huko Amerika Kaskazini, na sasa tumefika kwa Waakadia, wale wakulima wa Kifaransa wa nchi ambayo leo ni Nova Scotia, Kanada. Wanafunzi wana maswali mawili. La kwanza: Uingereza iliipata Akadia kwa Mkataba wa Utrecht mwaka 1713, ila watu wakafukuzwa 1755. Kama walikuwa hatari, mbona waliachwa muda wote huo? La pili: tunasoma kwamba mashamba yao yalikuwa chini ya usawa wa bahari inapojaa. Yalilimwaje? Ningependa kuwatengenezea modeli.

Kumbukumbu_Rift (Nakuru)
Mwalimu, waliachwa kwa sababu walihitajika, na walifukuzwa walipoacha kuhitajika. Kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza ndicho kinachotajwa mno, lakini peke yake hakielezi kitu.

Mwaka 1713 Uingereza ilikuwa na kikosi kidogo tu pale Annapolis Royal, iliyokuwa Port-Royal ya Wafaransa. Askari wale walikula nafaka na nyama ya Waakadia. Mkataba uliwapa wenyeji mwaka mmoja wa kuhama wakitaka, lakini walipotaka kwenda Île Royale, kisiwa kilichobaki mikononi mwa Ufaransa, wakuu wa Kiingereza waliwazuia. Hesabu yao ilikuwa rahisi: wakulima wale wakihama, ngome ya Annapolis italala njaa na Wafaransa watapata watu na mifugo. Kumbe basi Uingereza ndiyo iliyong'ang'ania wabaki!

Kuhusu kiapo: mwaka 1730 gavana Richard Philipps aliwaapisha, na akawaahidi kwa mdomo kwamba hawatalazimishwa kubeba silaha dhidi ya Wafaransa wala dhidi ya Wami'kmaq, wenyeji asilia wa nchi ile. Ahadi hiyo haikuandikwa kwenye kiapo kilichopelekwa London. Hapo ndipo mgogoro wa kiapo ulipokolea. Waakadia walijiona wameapa kwa masharti, na serikali ikasoma karatasi isiyo na sharti lolote.

Mambo yalibadilika 1749, Edward Cornwallis alipoianzisha Halifax na walowezi wapatao 2,500. Sasa kulikuwa na Waingereza wa kushika nchi, na bandari ya kutazamana na Louisbourg, ngome ya Wafaransa huko Île Royale. Louisbourg ilikuwa imetekwa 1745 na watu wa New England (makoloni ya Kiingereza ya upande wa kusini), kisha ikarudishwa kwa Ufaransa 1748 kwa kubadilishana na Madras ya India, jambo lililowaudhi sana waliomwaga damu kuiteka. Mwaka 1755 matukio yakafuatana: Juni ofisa wa Kiingereza Robert Monckton aliteka ngome ya Wafaransa ya Beauséjour na kukuta Waakadia mamia kadhaa ndani wakiwa na silaha (walisema walilazimishwa na Wafaransa). Tarehe 9 Julai jeshi la Kiingereza la Jenerali Braddock lilipigwa vibaya na Wafaransa na wenyeji washirika wao karibu na mto Monongahela, na habari ilipofika Halifax hofu ikapanda. Tarehe 28 Julai naibu gavana Charles Lawrence na baraza lake waliamua kuwatoa wote. Wajumbe wa Waakadia walikuwa wamekataa kiapo kisicho na masharti. Baadhi walipokubali kuapa, waliambiwa wamechelewa.

Waambie wanafunzi waangalie tarehe pia: vita kati ya falme hizo mbili vilitangazwa rasmi 1756. Watu hawa walitolewa kabla ya vita kutangazwa.

Tuta_na_Mfereji (Ahero)
Nitajibu la mashamba.

Kwetu ziwa halijai na kupwa, kwa hiyo anzeni hapo. Ghuba ya Fundy ina bamvua kubwa kuliko zote duniani: katika bonde la Minas, sehemu ya ndani ya ghuba hiyo, maji hupanda hadi mita 16. Kila yanapopanda huacha tope lenye rutuba kwenye vinamasi vya pwani. Udongo ni mzuri ajabu, tatizo ni chumvi.

Waakadia walijenga tuta kando ya kinamasi. Hawakurundika udongo tu. Walikata mabonge ya majani ya kinamasi pamoja na mizizi yake, kwa koleo jembamba, wakayapanga kama matofali kwenye nyuso za tuta na kujaza udongo katikati. Majani yale huvumilia kufunikwa na maji ya chumvi kwa saa kadhaa, kwa hiyo yaliendelea kuota na mizizi ikalishika tuta. Chini tuta lilikuwa pana kuliko kimo chake. Ukilifanya jembamba, mawimbi hulichimba kitako na linaanguka lote kwa mara moja.

Kila kijito kilipopita chini ya tuta waliweka kalivati la mbao, la gogo lililochongwa shimo au la mbao nene, na ndani yake kilango kinachoning'inia kwa juu. Maji ya mvua yakijaa ndani hukisukuma kilango kuelekea baharini na kutoka. Bahari ikipanda hukibana kilango kwenye fremu, na chumvi haiingii. Hakuna mtu wa kufungua wala kufunga, usiku na mchana.

Halafu walisubiri. Mvua ilihitaji miaka 2 hadi 3 kuosha chumvi kabla ya ngano kukubali. Baada ya hapo ardhi ilizaa miaka mingi bila samadi.

Kasoro ya mfumo ni kwamba tuta ni la kijiji kizima. Sehemu moja ikipasuka, mashamba ya wote yanarudi kwenye chumvi na hesabu ya miaka inaanza upya. Novemba 1759 dhoruba ilivunja matuta mengi wakati wenyewe hawapo. Walowezi wa New England waliopewa ardhi hiyo kuanzia 1760 hawakujua kuyatengeneza, ikabidi wafungwa wa Kiakadia watolewe wakafanye kazi hiyo kwenye ardhi iliyokuwa yao. Kwangu hilo ndilo jambo chungu kuliko yote katika historia hii.

Mwalimu_Manyatta (Kisumu)
Asanteni sana, ndugu zangu. Wanafunzi wanaamini Waingereza waliwapeleka Louisiana, kusini mwa Marekani ya leo. Ni kweli?

Kumbukumbu_Rift (Nakuru)
Si kweli, na kosa hilo ni la kawaida. Lawrence aliwatawanya kwenye makoloni ya Kiingereza, kuanzia Massachusetts hadi Georgia, makusudi wasikusanyike tena. Kijiji cha Grand-Pré ndicho chenye kumbukumbu nzuri zaidi kwa sababu ofisa aliyehusika, John Winslow, aliandika shajara. Tarehe 5 Septemba 1755 aliwaita kanisani wanaume na wavulana wa miaka 10 na zaidi, wakafika 418. Aliwatangazia kwamba ardhi na mifugo yao ni mali ya mfalme, na kwamba watabaki na fedha na vyombo vya nyumbani tu. Silaha na mashua zao zilikuwa zimeshachukuliwa mapema mwaka huo. Meli zilipangiwa watu wawili kwa kila tani ya ukubwa wake, zikajaa kupita kiasi, na jamaa wengi wakatengana hapo hapo ufukweni.

Virginia iliwakataa watu wapatao 1,100, wakapelekwa Uingereza na kukaa huko hadi 1763, kisha Ufaransa. Waliokimbilia Île Saint-Jean (leo Kisiwa cha Prince Edward) walikamatwa 1758 baada ya Louisbourg kuanguka mara ya pili, na meli za Duke William na Violet zikazama na mamia yao. Louisiana walikwenda wenyewe, hasa kuanzia 1765 na kiongozi wao Joseph Broussard, wakati nchi ile imeshapewa Hispania. Mwaka 1785 meli saba ziliwaleta wengine takriban 1,600 kutoka Ufaransa. Kuanzia 1764 waliruhusiwa kurudi Nova Scotia kwa vikundi vidogo, ila mashamba yao yalikuwa na wenyewe tayari.

Tuta_na_Mfereji (Ahero)
Modeli: chukua karai pana, gawanya katikati kwa tuta la udongo wa mfinyanzi lenye unene wa vidole vinne. Pitisha bomba fupi la plastiki chini kabisa. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kikubwa kidogo kuliko mdomo wa bomba, ukibandike kwa juu tu, upande wa bahari. Ukikiweka upande wa shamba kitafanya kazi kinyume: kitaruhusu bahari na kuzuia mvua. Tia maji yenye rangi upande wa bahari na mwone kilango kinavyojibana, kisha yachote na kumwaga maji safi upande wa shamba. Kikivuja, angalia kama mchanga umenasa kwenye mdomo wa bomba. Tyubu nyepesi sana huelea, kwa hiyo ining'inizie sarafu kwa chini.