Mrejesho: kamera za filamu za Olympus M-1 na OM-1, ipi ina thamani zaidi?

Asanteni wakuu. Niliuliza kama Olympus iliyoandikwa M-1 inaizidi bei OM-1. Ndiyo, inaizidi: ilitoka 1972, Leitz, watengenezaji wa kamera za Leica, wakalalamikia jina, ikageuzwa OM-1 mwaka 1973. Ndiyo maana M-1 ni chache.

Lakini maandishi peke yake hayatoshi! Sponji iliyo juu ya prizma (kipande cha kioo kinacholeta picha kwenye tundu la kuchungulia) huoza na kula mpako wake wa fedha. Ukichungulia unaona madoa, na hapo bei inaporomoka. Itoeni mapema, hata kama bado kunaonekana safi.

Betri ya awali ilikuwa ya zebaki, volti 1.35. Alkalini ya 1.5 hupotosha kipimo cha mwanga. Nimeweka 675 ya vifaa vya kusikia, pamoja na pete ya kujazia nafasi. Kipimo kimetulia.