Tupeane uzoefu: semi yenye pua na isiyo na pua

Wakuu, salaam. Nimeendesha Scania isiyo na pua (kabini iko juu ya injini) miaka 11, Dar–Tunduma. Mwezi wa tatu tajiri kanikabidhi Freightliner yenye pua (injini iko mbele ya kabini, chini ya boneti), na tofauti ya kwanza niliyoiona ni mgongo. Kwenye Scania umekaa juu ya tairi za mbele, kila shimo linakupiga wewe. Kwenye ya pua umekaa nyuma ya ekseli. Siku hizi nafika Mbeya nashuka nimenyooka. Ila mlima Kitonga ni kazi: pua imeshaingia konani, mimi bado sijamwona anayeshuka. Mliozishika zote, leteni yenu.

Fundi, Morogoro: Ya pua unavuta boneti linalala mbele, unakanyaga tairi, injini yote wazi. Isiyo na pua mpaka upampu jeki kabini iiname, na kwanza utoe kila kitu ndani. Niliitwa Mikese usiku, utingo akasema ameshatoa. Kabini ilipoinama, sufuria ya maharage ikatoka kitandani ikapiga kioo cha mbele, kikapasuka kona hadi kona. Dereva alikatwa mshahara. Inaniuma, maana nami nilipaswa kuchungulia.

Dereva, Ohio: Huku karibu zote zina pua. Wakongwe wananiambia zamani zisizo na pua zilijaa, kwa kuwa sheria za majimbo mengi zilipima urefu wa gari zima, kichwa na tela. Ukifupisha kichwa, unavuta tela refu zaidi. Sheria ya 1982 ikaondoa kipimo cha gari zima kwenye barabara kuu, ikabaki cha tela, basi madereva wakachagua starehe. Ulaya semi bado inapimwa yote, mita 16.5 kwa kawaida. Ndiyo maana Scania na Volvo mnazopata huko nyingi hazina pua.

Dereva, Tanga: Mgongo sawa, mimi nawaza macho. Foleni ya Tunduma, niko kwenye ya pua, magari yakaanza kusogea. Muuza karanga alikuwa ameinama mbele ya bampa anaokota chenji. Kutoka kitini nilikuwa naona boneti tu. Utingo akapiga mlango kwa kiganja mara mbili, nikakanyaga breki. Yule kijana akainuka, kichwa chake hakifiki hata juu ya grili. Tangu siku ile siondoi gari kwenye foleni mpaka utingo ashuke, asimame mbele nimwone mkono.