Mrejesho: Nimepata cheti cha kukereza vyuma

Wakuu, niliuliza hapa kama mfanyakazi wa dukani Mwanza, anayependa tu mashine, anaweza kusomea ukerezaji (kuchonga chuma kinachozunguka kwenye mashine) jioni. Inawezekana. Cheti ninacho.

Nilikuwa nikifunga duka, napanda daladala ya Nyegezi kwenda darasani. Wenzangu wengi walikuwa mafundi wa injini za boti, na wamenifundisha mengi sawa na mwalimu.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu ya kasi. Chuma laini ukikikata kwa kisu cha haispidi (chuma kigumu kinachostahimili joto), unaweza kuanza na mita 25 kwa dakika, yaani urefu wa uso wa chuma unaopita kwenye kisu. Kwa kasi hiyo, shafti (chuma cha mviringo) yenye kipenyo cha milimita 25 inataka mizunguko kama 318 kwa dakika. Ya milimita 50, nusu yake. Kasi ikizidi, kisu kinaungua ncha na uso wa chuma unaharibika. Ikikaa sawa, chenga zinatoka vizuri na shafti inang'aa. Raha yake, jamani!

Aliyeuliza kama tunavaa glovu kazini: usivae kabisa mashine ikizunguka, zinanaswa na kuvuta mkono. Miwani ndiyo lazima, na mikono ya shati ikunjwe.

Sasa natafuta mashine ndogo iliyotumika. Mwenye nayo Igoma au Mabatini anijuze.