Naombeni ushauri: karatasi ya trafiki ina makosa, kesi yaweza kutupwa?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naendesha tuktuk hapa Mombasa. Jumanne nilisimamishwa karibu na daraja la Nyali, nikaandikiwa kosa la kupakia abiria kupita kiasi. Huyo wa ziada alikuwa mtoto aliyepakatwa na mamake, na hilo ndilo linaloniuma. Dhamana nimelipa, kortini ni wiki ijayo.

Usiku nikaisoma ile karatasi vizuri. Herufi ya mwisho ya namba imeandikwa G, yangu ni C, tena wino umekolezwa mara mbili. Mahali wameweka Makupa, upande mwingine kabisa wa kisiwa!

Wenzangu stejini wanasema kesi imekufa hiyo. Lakini binamu yangu, karani wa wakili, amenionyesha kifungu cha 214 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai: hakimu aweza kuamuru shtaka lirekebishwe, kisha nisomewe upya nijibu tena.

Sasa niyataje makosa haya mapema, kabla ya kujibu shtaka, au ningoje askari atoe ushahidi wake? Na kukosea mahali kuna uzito kuliko herufi? Aliyepitia haya anieleze tafadhali, nina hadi Jumatatu.