Naomba ushauri: parsele (kiwanja) kubwa nje ya mji, au nyumba ndogo ya mbao katikati? Korona imenibadilisha mawazo

Mpangaji_wa_Kule
Wakubwa na ndugu wa hapa, salamu. Nimekaa na jambo hili hadi usingizi umenipotea, ndiyo maana nakuja kwenu.

Kazi yangu iko hapa Goma, kwenye duka la dawa. Kabla ya korona nilikuwa napanga Gisenyi, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, kama wengi: nyumba ya matofali, maji bombani, kodi nafuu, asubuhi unavuka mpaka pale Petite Barrière kwa miguu unaingia kazini. Machi 2020 mpaka ukafungwa. Nilibaki upande wa kazi pamoja na mke na watoto, tukaingia chumba na sebule kule mtaa wa Birere. Parsele moja, kaya saba, choo kimoja. Redio inasema nawa mikono, kaa mbali na mwenzako. Mbali wapi? Jirani tulikuwa tunamsikia akigeuka kitandani. Mama mkwe alipoanza kukohoa, watu waliacha kutusalimu, lakini bidoni (madumu) za maji tuliendelea kuchota pamoja na choo tuliendelea kupanga foleni pamoja.

Sasa nina pesa ya akiba na ya likirimba, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu. Kuna nyumba ya mbao Mabanga, mtaa wa hapa mjini, mita kumi kwa kumi na mbili, bomba la Regideso, kampuni ya maji, liko mlangoni. Halafu kuna parsele ishirini kwa thelathini, nje ya mji upande wa kaskazini, uzio wa mawe, sitani (tangi la maji) ya lita elfu tano, hewa safi, bei ileile. Zamani ningechukua Mabanga bila kuuliza mtu. Leo nataka uwanja wangu na choo changu. Mngefanya nini?

Mama_Likirimba
Mwanangu, hongera kwanza kwa kula likirimba ukaiweka, wengine wanakula wakainunulia simu. Mimi mpaka ulipofungwa nilikuwa nauza nyanya na maharage ng'ambo. Baadaye wakatuambia tujikusanye, mizigo yetu ivuke kwa lori moja kwa niaba ya wote. Mtaji wangu uliishia humo: mzigo unafika umechelewa, nusu imeoza, na mwenzako ndiye anayekupangia bei. Mwenye nyumba hakujua korona wala nini, tarehe moja yuko mlangoni. Nilimwomba miezi miwili, akanitolea vitanda nje. Kwa hiyo mimi nasema nunua, popote pale, mradi usipigiwe mlango na mtu. Mbao, matofali, turubai, yote ni kwako.

Chukudu_Teremka
Kaka, nunua huko juu tu. Maji yakikosekana minakuletea bidoni na chukudu yangu, hii skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Kuteremka ni bure, kupanda ndiyo tutaongea bei 😂

Fundi_Mawe
Kaskazini wapi? Kaskazini kuna Majengo, kuna Munigi, kuna Buhene, kuna Kibati. Mtu aliyeenda kuona parsele hadi akahesabu lita za sitani anajua jina la mahali. Litaje, ndipo tutakushauri.

Mwalimu_wa_Ndosho
Naunga mkono swali la Fundi, na mimi naongeza mawili. Karatasi gani ziko mkononi mwa muuzaji? Na mama watoto anasemaje?

Halafu niseme jambo moja. Sisi hapa hatukujifunza kunawa mikono kwa korona. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipofika mjini, ndoo zenye robinet (koki) zilikuwa kila mlango, na tulikuwa tunapimwa joto kabla ya kununua hata mkate. Ebola ile ilitangazwa kwisha Juni 2020, korona ikiwa tayari imo ndani. Miaka yote hiyo kilichotuokoa hakikuwa ukubwa wa uwanja. Kilikuwa maji. Nyumba isiyo na maji ya uhakika, hata iwe na uwanja wa mpira, mimi siitaki.

Mpangaji_wa_Kule
Asanteni. Mahali ni Buhene. Nilijua nikitaja jina mtaanza kupiga kelele kabla ya kusikiliza.

Ndiyo, ni karibu na lava ya mwezi wa tano 2021. Siyo juu kabisa ya lava, kona moja tu imefunikwa. Hesabuni wenyewe: volkano ya Nyiragongo ilitoka 1977, ikarudi 2002, ikarudi 2021. Miaka ishirini na mitano, kisha kumi na tisa. Watoto wangu watakuwa wamekua. Lakini ugonjwa huu mwingine ulikuja na Ebola bado haijaondoka. Mtu anajikinga na kinachokuja mara nyingi.

Fundi_Mawe
Kona moja imefunikwa, kwa hiyo jiwe la lava lilipita ndani ya parsele.

Ndugu yangu, mara tatu siyo kalenda. Tarehe 22 Mei ilikuwa Jumamosi jioni, hakuna aliyeambiwa kitu, tuliona anga jekundu. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu walirudi wakajenga juu ya mawe yaleyale, hata mimi nimejenga humo nyumba nyingi. Sikuhukumu. Ila hii ya 2021 iliteremka Buhene ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na njiani ikaharibu tangi kubwa la maji na mabomba. Watu kama nusu milioni wakabaki bila maji safi. Wewe unakwenda kutafuta maji na usafi mahali palepale maji yalipokatikia.

Binti_wa_Ziwa
Kwa nini asitazame upande wa Lac Vert? Kuna nafasi na upepo wa ziwa. Shangazi yangu alihamia huko baada ya korona, amepanda hadi maua.

Fundi_Mawe
Binti, Lac Vert na Bulengo kuna mazuku. Ile gesi ni nzito, inakaa mabondeni, asubuhi bila upepo unakuta mbuzi wamelala hawaamki. Kununua kunawezekana, lakini kwanza uulize wenyeji ni shimo lipi watoto wao hawachezi.

Mwalimu_wa_Ndosho
Bado sijajibiwa kuhusu karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni ya serikali. Wewe unapata haki ya kuitumia, na ushahidi wake ni sertifika ya usajili. Karatasi ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya shefu (chifu) siyo sertifika. Buhene iko teritware (wilaya) ya Nyiragongo, kwenye sheferi (eneo la kichifu) ya Bukumu, siyo mjini, na mambo ya ardhi ya kimila huko yamewaliza wengi. Na kabla ya yote uliza ofisini kama kujenga juu ya lava mpya kunaruhusiwa.

Mpangaji_wa_Kule
Karatasi ni ya mauzo, shefu alisaini, mashahidi wawili. Muuzaji ni mzee, nyumba yake iliungua usiku ule, sasa analala kwa dada yake na watoto sita. Anauza kwa sababu hana namna. Nimempa nusu ya pesa.

Msinikaripie. Nilipoingia pale nilisimama katikati ya uwanja na sikusikia jirani hata mmoja. Tangu Birere sijawahi kusimama mahali nikapumua hivyo.

Mama_Likirimba
Uuuh! Kumbe mwenzetu hakuja kuuliza, amekuja kubarikiwa.

Jicho_la_Barabara
Nimenyamaza vya kutosha. Huu uzi ni tangazo. Someni tena ujumbe wa kwanza: ishirini kwa thelathini, uzio wa mawe, sitani ya lita elfu tano, hewa safi. Hivyo ndivyo komisionere, dalali, anavyoandika. Nimeona tangazo kama hilo kwenye kundi la WhatsApp, vipimo vilevile. Kesho atasema "ndugu, nimeghairi, nani anaitaka?" na namba ya simu itafuata. Mzee aliyeunguliwa nyumba, mama mkwe anayekohoa, mpaka uliofungwa, vyote kwa mtu mmoja? Hapana.

Chukudu_Teremka
Ee bandugu, na mimi niko nilishapangia safari za bidoni.

Binti_wa_Ziwa
Jicho, Goma hii ni nani hana hivyo vyote? Mimi nina mpaka, nina volkano, na nina kikohozi.

Mpangaji_wa_Kule
Mimi siyo komisionere na sitaweka namba ya mtu hapa. Kama ni tangazo, niambieni komisionere gani angewaambia haya: choo hakichimbiki. Niliwaleta vijana na nyundo na tindo, wakawasha moto juu ya jiwe walilainishe, wakafika kiunoni wakaacha. Na ile sitani ina ufa, na ndani imejaa majivu. Nimepewa bei ya kuirekebisha, sijaikubali.

Mwalimu_wa_Ndosho
Kwa hiyo ulikimbia choo cha kaya saba, ukanunua mahali pasipo na choo.

Mpangaji_wa_Kule
Sijamaliza kununua, Mwalimu.

Fundi_Mawe
Sasa tunaongea. Mimi namwamini, kwa sababu mambo ya tindo na moto anayasema mtu aliyeyalipia.

Sikiliza. Mahali kama hapo shimo la chini siyo lazima, watu wanajenga choo kilichoinuliwa juu ya mawe, ngazi tatu nne, na tangi lake nyuma linalozolewa. Ni gharama, na lazima liwe mbali na sitani, maana jiwe letu lina nyufa, uchafu unapita humo kama kwenye kichungi kilichotoboka. Jumlisha choo, sitani, na maji ya kununua wakati wa kiangazi, halafu linganisha na Mabanga. Utaona bei siyo ileile tena. Na Mabanga hiyo, kama kuna nafasi ya choo chako peke yako, hata kidogo, utakuwa umepata sehemu kubwa ya ulichokuwa unatafuta. Mbao unaweza kubadilisha pole pole, bomba mlangoni ndilo gumu.

Huyo mzee, mwambie ukweli. Salio lisitoke kabla ya kujua ofisi ya ardhi inasema nini. Na mkikosana kuhusu avansi, ile nusu uliyotanguliza, msiende kupigana, mnarudi kwa shefu yuleyule aliyesaini na mashahidi walewale.

Mpangaji_wa_Kule
Pesa ya mzee imeshaliwa, mukubwa. Amelipia watoto shule. Nitamdai nini?

Mama_Likirimba
Basi mdai muda. Akubali kurudisha kidogo kidogo, hata likirimba tunalipa hivyo. Mtu aliyeunguliwa nyumba usimkabe, ila usimuongezee nusu ya pili kwa huruma, huruma hiyo watoto wako ndio watailipa.

Jicho_la_Barabara
Bado siamini yote. Ila kama ni kweli, sikiliza hapo kwa Mama: usiongeze hata dola moja bila karatasi ya ofisi. Na nyumba ya Mabanga, muulize mwenyewe kama haina warithi wengine, maana hapo mjini ndipo parsele moja inauzwa mara tatu.

Mpangaji_wa_Kule
Nimesikia. Jumamosi napanda Buhene na fundi mmoja atazame hiyo sitani na mahali pa choo, Jumatatu naenda ofisi ya ardhi. Mwenye Mabanga amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nikirudi nitaandika hapahapa.

Mwalimu_wa_Ndosho
Vizuri. Lakini nimeuliza toka mwanzo na hujajibu: mama watoto anasemaje?

Mpangaji_wa_Kule
Buhene hajaiona bado.

Mama_Likirimba
Basi Jumamosi pikipiki ibebe watatu.