Priampu za valvu nshazifufua, sasa ntazijaribu vipi?

mtoto_wa_malindi
Asalam aleykum wadau. Nna Ampex 601 mbili, zile rikoda za tepu za Marekani za miaka ya 1950, zilikuwa stoo kwa babu yake mke wangu hapa Malindi, upande wa injini umeliwa na kutu hautamaniki. Injini nimetupa nikabaki na priampu, yaani vile vikuza sauti vya maiki, kapasita za elektroliti nimebadilisha zote na zile za karatasi pia, soketi za valvu (zile balbu za kioo zinazokuza sauti) nimezisugua kwa spiriti, nikaweka na transfoma za kuingizia maiki maana zenyewe asili yake zinataka maiki ya impidansi (ukinzani wa umeme) kubwa. Zinawaka, hazijaripuka alhamdulillahi.

Juzi baada ya isha nlimrikodi dada yangu akiimba na mimi nkipiga udi, maiki ile ile ya SM57, mara ya kwanza tumepitia Ampex mara ya pili saundi kadi ya kawaida. Wallahi Ampex asali, ile nyengine kavu kama muhogo wa jana. Shemegi yangu kaskiza akacheka, ati naskia utamu kwa sababu nshatoa jasho. Halafu tukinyamaza kuna mngurumo kwa chini. Nifanyeje nimnyamazishe huyu shemegi?

kanuni_na_risasi
Waaleykum salam. Shemegi ana hoja yakhe usimkasirikie. Kwanza dada kaimba mara mbili, hakuna binaadamu anaeimba mara mbili sawasawa, ya pili labda kashachoka au kaikaribia maiki vidole viwili tu, na kwa SM57 vidole viwili besi inabadilika kweli kweli. Pili umesawazisha sauti? Ikipanda hata desibeli moja tu sikio halikwambii "hii kubwa", linakwambia "hii tamu", ndo mtego wenyewe huo sote tumeshaingia.

Fanya hivi. Rikodi mara moja tu, safi, kisha itoe ile rikodi kwenye saundi kadi uirudishe kwenye priampu kana kwamba ndo maiki. Ila utoaji wa kadi una nguvu sana kwa hiyo ipunguze, rezista ya kilo-omu 4.7 kila waya na moja ya omu 150 katikati, inashuka kama desibeli 36 na priampu inaona kitu kinachofanana na maiki. Piga toni ya hezi 1000 usawazishe zote mbili kwa mita sio kwa sikio. Halafu muachie shemegi abonyeze moja kati ya hizo mbili, wewe ukae umegeuka useme ni ipi, mara kumi, aandike.

Na usijaribu kwa udi peke yake, udi unasamehe. Tafuta kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, ule mkwaruzo wa kidole kwenye uzi ndo unaonesha priampu inapoanza kulegea, na dumbaki pia.

binti_wa_wete
Mimi nauliza mngurumo tu. Ni wa hezi 50 au 100? Fungua programu ya kompyuta iangalie mchoro. Ukiwa 100 basi kapasita za pawa zina kasoro, hata mpya nimeshakuta mbovu. Ukiwa 50 ni ethi (waya wa ardhini) au waya za hita za valvu zimepita karibu na waya za maiki. Kwangu ilikuwa soketi ya ukutani, tundu la ethi lipo lakini nyuma hamna waya wowote, fundi alipachika pambo tu 😂

Jengine, hizo zimeundwa kwa volti 117 hezi 60. Stepdauni inakushushia volti tu, hezi inabaki 50 yetu, kwa hiyo transfoma inapata moto kuliko ilivyozowea. Iguse baada ya saa moja (nje, sio ndani! mle mna volti kama 300 na kapasita zinabaki nazo hata ukishazima). Isipogusika punguza volti kidogo.

mzee_wa_spika
mie nshamwambia kila mtu humu, gonga valvu moja moja kwa ncha ya penseli, ikilia kama kengele hiyo toa

mtoto_wa_malindi
Nimerudi. Valvu moja ililia kweli, ya kwanza kabisa ile ya maiki, nimebadilisha. Mngurumo ulikuwa 100, kapasita moja nliipachika ya zamani bahati mbaya, nliichanganya na mpya juu ya meza, msinicheke. Transfoma inagusika ila mkono hautaki kukaa sana.

Sasa mtihani. Kwa sauti ya dada mara kumi nimepatia sita, yaani hamna kitu, asali yote ile kumbe ukubwa wa sauti tu. Shemegi kala halua ya watu kwa furaha. Lakini kanuni, nimemuomba jirani aje apige, hapo nimepatia tisa, na mara zote tisa nliskia ile ncha ya mwanzo wa noti imekuwa duara kidogo hasa nkiipandisha geini. Jirani mwenyewe kasema hataki kanuni yake iwe duara, anataka ile kavu.

kanuni_na_risasi
Muwekee fidla basi hiyo Ampex, kanuni muachie mwenyewe. Na weka faili humu tuskie.

mtoto_wa_malindi
Ntaweka usiku, sasa hivi umeme umekatika.