Kumuuza staa kwa timu ya kanda yako: kosa kweli au tunaogopa bure?

Wadau, kila tredi (timu kubadilishana wachezaji) za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zikianza kunukia naikuta hoja ileile. Ligi ina kanda mbili, Magharibi na Mashariki, na mabingwa wa kanda ndo hukutana fainali; eti timu ya Magharibi isimpeleke staa wake timu nyingine ya Magharibi, bora Mashariki huko mkutane fainali kama mtafika. Mimi nabisha, na leo tubishane vizuri.

Najua mtaanza na Luka Doncic. Haki yenu. Jumapili ile ya tarehe 2 Februari 2025 naamka, sijanywa hata chai, naona Dallas wamempeleka Luka Lakers, wote wa Magharibi, nikajua akaunti ya Shams, yule mwandishi wa habari za NBA, imedukuliwa. Jamaa kawafikisha fainali 2024 halafu wanachukua Anthony Davis, Max Christie na piki moja (haki ya kuchagua mchezaji chipukizi) ya raundi ya kwanza ya 2029, basi! Aprili Luka karudi Dallas katokwa machozi kwenye benchi kisha kawapiga pointi 45. Lakini hebu niambieni, kosa lilikuwa Lakers kuwa Magharibi? Hapana bwana. Nico Harrison, meneja mkuu wa Dallas wakati huo, alijifungia na Lakers kimyakimya, timu nyingi hazikujua hata kama Luka yuko sokoni. Kwa bei ile hata angempeleka Mashariki ungekuwa msiba uleule.

Sasa rudini 2019. OKC (Oklahoma City Thunder) wanampeleka staa wao Paul George Clippers, Magharibi kwa Magharibi, tena Clippers hao hao ndo wanambeba na staa mwingine, Kawhi Leonard, yaani unamwongezea jirani bunduki ya pili. Kwa sheria yenu dili lile lisingefanyika. OKC wakachukua Shai Gilgeous-Alexander, Gallinari na piki tano za raundi ya kwanza, moja ndo ikaja kuwa Jalen Williams, na 2025 wamebeba ndoo, Shai MVP (mchezaji bora) wa msimu na wa fainali. Halafu kuna kitu watu hawakioni: ukishika piki za jirani, akichuja unafaidi mara mbili, mpinzani kapungua na piki yako imepanda, maana timu mbovu ndo huchagua mapema.

Kuna mshkaji wangu hunijibu na Spurs wa Magharibi, kwamba 2018 Kawhi akiwa kwao alikuwa anatajwa Lakers kila siku, wao wakamtupa Toronto huko Mashariki kwa DeRozan, Poeltl na piki. Sawa. Toronto wakabeba 2019, na mwaka huohuo Kawhi akakataa mwaka wa mwisho wa mkataba, akajirudia zake Los Angeles kwa Clippers. Ukuta wenu ulidumu msimu mmoja, na bado Spurs hawakupata Shai wao.

Siwanyimi kila kitu. Kati ya mechi 82, mechi 52 unacheza na watu wa kanda yako, na kwenye mtoano hao hao ndo wanakuziba njia. Kwa hiyo jirani alipe zaidi, hilo nakubali, ila kumfungia mlango kabisa ni kujipunguzia wateja mwenyewe.

Panaponisumbua ni Cavs, timu ya Cleveland. 2017 walimpeleka staa wao Kyrie Irving Boston, wapinzani wao wakubwa kabisa Mashariki, 2018 wakakutana fainali ya kanda ikaenda mpaka mechi ya saba, LeBron na Cavs wake wakashinda. Ila Kyrie mtoano wote ule alikuwa nje, goti. Angekuwa mzima je? Wa Boston njooni hapa, na wa Cleveland pia, maana hapo huwa nakwama.